Mama Shuka Atafuta Nyumba ya Mlimani

Mtaani kwetu walimwita Mama Shuka, na jina hilo hakulipata bure. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye hoteli kubwa ya karibu na stesheni, akitandika vitanda vya watu asiowajua. Alikuwa akilirusha shuka mara moja tu hewani, likitua limenyooka kama limepigwa pasi. Alipostaafu, hoteli ikamzawadia saa ya ukutani na shuka pea mbili. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wameogopa nitasahau kazi," akasema.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la mbao, na watu walimwita Mzee Breki. Wageni walidhani jina hilo limetokana na lori, kumbe lilitokana na mdomo wake. Ukimletea jambo lolote, liwe la harusi, la msiba au la kununua kuku, neno lake la kwanza lilikuwa, "Subiri kwanza." Basi hapo mazungumzo yote yanafunga breki.

Kwa miaka mingi Mzee Breki alipanda milimani na lori tupu na kushuka na magogo. Barabara ile ilikuwa na kona nyingi, na kwenye kona hizo zilikuwepo nyumba ndogo za wageni: moja ina madirisha ya buluu, nyingine ina maua yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi, nyingine inafuka moshi paani hata mchana. Alizipita zote. Mbao zilitakiwa ziwahi kiwandani, na lori lenye mzigo huwezi kuliegesha mteremkoni ukaenda kunywa chai. Ila akifika nyumbani alizisimulia. "Ipo siku, mke wangu," alikuwa akisema, "nitasimama pale, niteremke kama bwana mkubwa, niketi kwenye kiti chao niutazame huo mlima. Maana mimi mlima nimeupanda, sijawahi kuutazama. Nilikuwa natazama barabara."

Siku hiyo haikufika mpaka macho yakaharibika.

Daktari aliiita presha ya macho. Alieleza kwamba imeanza kumla pembeni kwa pembeni, bila maumivu, na ndiyo maana mzee hakushtuka mapema. Sasa kilichobaki ni katikati tu. "Mzee anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba," daktari akasema. Dawa ingeweza kuchelewesha mambo, ila kilichopotea hakirudi, na hata hicho kidogo kilichobaki kingekwenda taratibu.

Binti yao mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya bima, alitaka kuwapoza wazazi wake. Akawapeleka hoteli mpya ya mjini kula chakula cha mchana, yenye ukumbi mpana na sakafu inayong'aa kama maji. Mzee Breki alivaa koti lake la heshima. Akatangulia mbele kwa hatua za mtu mwenye shughuli zake, akaubamiza uso wake kwenye mlango wa kioo. Pua ikatoa damu. Ukumbi mzima ukageuka, na mtu mmoja akasikika akisema, "Mzee amelewa mapema yote hii." Tangu azaliwe Mzee Breki hakuwahi kuonja pombe. Alijifuta, akala, na waliporudi nyumbani akatoa hukumu: "Hoteli na mimi basi. Mnizike popote, ila msinilaze hotelini."

Kuanzia hapo akawa mtu wa kiti kimoja, mlango wa nyuma, uso kaupeleka uani. Na huko uani ndiko Mama Shuka alikopata jambo lake.

Ilikuwa mchana, nguo zimeanikwa. Mzee alinyoosha mkono kutafuta kikombe cha chai kilichokuwa juu ya stuli, karibu kabisa na goti lake, akakiangusha. Mama Shuka akaenda kuchukua tambara. Aliporudi akamkuta mumewe ameinua shingo, anatazama kilima cha ng'ambo ya mji.

"Yule jamaa ana wazimu," mzee akasema. "Anapaka rangi tangi la maji na hajajifunga hata kamba."

"Jamaa gani?"

"Yule pale juu. Shati jekundu."

Mama Shuka alitazama, akaona kilima na tangi basi. Akaingia ndani kutafuta miwani yake, akarudi, akakaza macho. Kweli. Kitu kama sisimizi mwekundu kilikuwa kinatambaa ubavuni mwa tangi.

Akasimama na tambara mkononi, chai iliyomwagika ikimlowesha miguu. Kikombe kilichokuwa karibu na goti lake mumewe hakukiona, ila mtu anayepaka rangi kule kilimani amemwona hadi shati. Ndipo maneno ya daktari yakamkaa sawasawa kichwani. Bomba! Ukichungulia kwenye bomba, kilicho karibu hakienei, utaona kipande cha kitasa na kipande cha ukuta. Ila kilicho mbali kinaingia chote. Tangi linaenea. Na kama tangi linaenea, mlima ulio mbali vya kutosha nao utaenea, na kilele chake na theluthi ya mbingu juu yake.

"Tunakwenda milimani," akasema.

"Subiri kwanza," Mzee Breki akajibu.

"Nimeshasubiri. Nimesubiri mpaka umestaafu, na mimi nimestaafu. Tukisubiri zaidi utakwenda kuupapasa."

Alijua ni neno kali. Alilisema vilevile. Mzee akageuza uso kuelekea ukutani.

Binti alipopata habari alikuja na simu yake mkononi. Hakuwa mtoto mbaya, alikuwa mtoto mwenye hofu, na hofu yake aliifunika kwa mipango. "Mama, kama ni lazima safari iwepo, kule juu wamejenga hoteli nzuri. Ina lifti, ina bwawa, ina wahudumu wa kutosha."

"Ina milango ya vioo?"

"Mama, hoteli gani haina milango ya vioo?"

"Hiyo hiyo ndiyo ninayoitafuta."

Binti akamwonyesha picha za nyumba ndogo ndogo, maana zilikuwemo pia humo simuni, kila moja ikijisifu. Mama Shuka akazipitisha chache, akairudisha simu. "Mwanangu, picha za vyumba nimezipanga kwa mikono hii. Tulikuwa tunahamisha meza, tunaficha ndoo nyuma ya pazia, na mto ulio kitandani tunauazima chumba cha jirani. Picha haikwambii kizingiti kiko wapi. Nitakwenda kwa miguu yangu nikaone."

Alimpata mwenzake wa safari bila kumtafuta. Wifi yake, dada wa Mzee Breki, alikuwa fundi cherehani, mnene, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alifika siku hiyo kuleta suruali ya kaka yake aliyoipunguza kiuno, akasikia mazungumzo, akasema papo hapo, "Wifi, huendi peke yako ukale raha za mlimani mimi nikibaki na pindo za watu."

"Siendi kula raha. Nakwenda kupima nyumba."

"Utazipimaje?"

Mama Shuka akaenda msalani, akarudi na vile vibomba vya karatasi ngumu vinavyobaki karatasi ya chooni ikiisha. Akaviweka machoni. Akatembea sebuleni na papo hapo akajigonga kwenye kabati. Wifi alicheka mpaka machozi. Kisha akafuta machozi, akavichukua vile vibomba, akavipeleka kwenye mashine yake. Alivirudisha vimeshonewa mpira wa suruali, vya kuvaa kichwani kama miwani. Ndani alikuwa amevizungushia kitambaa laini visimkwaruze wifi yake.

Walimwachia Mzee Breki binti yake na sufuria la supu, wakapanda milimani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ile ya madirisha ya buluu. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa muziki aliyestaafu, mama mkarimu, na nyumba yake ilikuwa nzuri ya kukutoa roho. Kila pembe ilikuwa na kitu: mtungi, kinanda kibovu, kiti cha kubembea, vinyago, mazulia juu ya mazulia, na paka wengi kuliko wageni. Wifi alianguka kwenye kochi akasema hatoki. Mama Shuka mwenyewe alikipenda chumba walichopewa. Mto ulikuwa unanukia majani makavu ya mlimani, na blanketi lilikuwa zito kama mkono wa mama.

Kisha akavaa miwani yake ya karatasi, akaanza kutembea.

Alimkanyaga paka. Akagonga mtungi, wifi akaudaka. Akakwama kwenye pindo la zulia, akakumbatia kinanda kikalia kwa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Mwalimu wa muziki alisimama mlangoni na sinia la chai, hajui kama acheke au aite watu.

"Mama yangu, una tatizo gani?" akauliza kwa upole.

Mama Shuka akavua vibomba, akamweleza ukweli wote. Mwalimu akamsikiliza, akaitazama nyumba yake kama anaiona upya. "Hapa atavunjika," akakubali mwenyewe. "Naweza kuondoa vitu viwili vitatu."

"Usiondoe hata kimoja," Mama Shuka akasema. "Nyumba hii ni wewe. Ukiiondolea vitu utabaki na kuta. Mume wangu simleti, ila mimi nitarudi."

Nyumba ya pili ilikuwa ya mawe, zamani makazi ya walinzi wa msitu. Ndani palikuwa peupe: kitanda, kiti, meza, basi. Mama Shuka alitembea na miwani yake bila kugusa kitu. Moyo ukaanza kumpanda. Akafika dirishani, akaelekeza vibomba nje, akaona shina la mti. Akahamia dirisha la pili, akaona shina la mti mwingine. Alizunguka nyumba nzima, na kila alipochungulia palikuwa na miti imesimama kama askari. Mlima ulikuwa nyuma yao, umefichwa wote.

"Tukate miti?" wifi akauliza.

"Tuondoke."

Zilikuwepo nyumba nyingine njiani. Moja ilikuwa na ngazi za nje zilizopinda kama mkia wa kinyonga. Nyingine ilikuwa na mwenye nyumba aliyekuwa akihamisha viti kila asubuhi "ili wageni wasichoke." Wifi alianza kulalamikia goti. Binti akapiga simu kuuliza kama wamepata, na kabla hajajibiwa akasema ile hoteli ya lifti bado ina nafasi. "Sijamaliza," Mama Shuka akamwambia, akakata.

Ile iliyofuka moshi mchana ilikuwa ya mwisho, kwenye kona kali kabisa. Ilikuwa nyumba ndefu ya mbao, ya chini, isiyo na ngazi. Zamani ilikuwa jiko na bweni la wafanyakazi waliochimba barabara ile, na aliyeimiliki sasa ndiye aliyekuwa mpishi wao. Kila mtu alimwita Mpishi tu. Milango aliipaka rangi iliyobaki barabarani: mmoja manjano, mmoja mweupe, mmoja una milia kama alama ya kuvukia. Kengele ya chakula ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo. Ujia wa ndani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukinyoosha viwiko unagusa kuta zote mbili.

Mama Shuka aliupita ujia ule na vibomba machoni, viwiko vikimwongoza, akatokea kwenye baraza. Akainua uso, akasimama.

Wifi akamsogelea. "Unaona nini?"

Ndani ya bomba lake ulikuwepo mlima, wote, kuanzia mabega hadi kilele, umetulia mahali pake. Akageuza kichwa kidogo tu, akaona barabara ikiupanda ubavu kama uzi uliomponyoka fundi.

Akapiga hatua moja mbele kuangalia vizuri, na mkono wenye nguvu ukamkamata begani. "Simama hapo hapo!" Alikuwa Mpishi, mzee mrefu mwenye aproni, na uso uliokunjwa. Mama Shuka akavua vibomba. Ncha za viatu vyake zilikuwa zimefika ukingoni mwa baraza, na chini palikuwa na mteremko wa mawe.

"Wewe ni mtu mzima," Mpishi akafoka. "Unacheza mchezo gani?"

Akamweleza. Mpishi alisikiliza huku akijifuta mikono, na kabla hajamaliza alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. "Mama, samahani. Hapana. Niliwahi kupokea mzee wa namna hiyo, akaanguka hapo hapo uliposimama. Alipona, namshukuru Mungu, ila watoto wake walinisimamia hapa wakaniita muuaji mbele ya wageni. Mimi napika, nalaza watu wazima. Wagonjwa sina uwezo nao."

"Mume wangu si mgonjwa. Ni dereva."

"Asiyeona."

"Anaona mbali kuliko mimi na wewe. Karibu ndiyo shida, na karibu yako nimeipima. Ataanguka hapa," akaonyesha ukingo kwa kidole. "Hapa tu. Kwingine kote atatembea kama mfalme."

"Basi mtafutie nyumba nyingine."

"Nyumba nyingine zina mahali pa kuangukia kila pembe. Yako ina mahali pamoja tu."

Mpishi akaingia jikoni, akafunga mlango. Wifi akasema kimoyomoyo, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu mzee amekula ndimu tangu utotoni." Akataka wafungashe. Mama Shuka akasema wanalala.

Asubuhi, baada ya chai, alimfuata Mpishi aliyekuwa akimenya viazi. "Una nyundo?" akamuuliza.

"Ya nini?"

"Nataka kuweka mbao pale ukingoni. Mbao nimeziona nyuma ya banda la kuni. Kama hutaki mume wangu aje, basi iwe faida ya wageni wako wengine."

Mpishi akamtazama, akadhani anatania. Hakutania. Alitafuta nyundo mwenyewe, akaipata chini ya benchi la barazani, na punde baraza zima likaanza kulia kwa mapigo ya mtu asiyejua kupiga msumari. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ukapotea majanini. Wa tatu alijipiga kidole, akakinyonya, akaendelea. Mpishi alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Akatoka na kisu cha viazi mkononi.

"Mama, unajenga au unaadhibu mbao?"

"Najenga."

"Toka hapo." Akachukua nyundo. Wakati anapigilia, bila kumtazama, akauliza, "Alikuwa anaendesha lori gani huyo mumeo?"

"La mbao. La kiwanda cha kule chini. Alikuwa akipiga honi mara mbili kila akifika kona hii, bodi yake imeandikwa kwa rangi nyeupe…"

"Honi ya kukohoa? Kama mbuzi mwenye kifua?"

"Hiyo hiyo. Hakuwahi kuitengeneza."

Mpishi akaacha kupiga. "Yule bwana hakuwahi kusimama hapa hata siku moja," akasema. "Nilikuwa namtolea kikombe pale mlangoni, ananipungia mkono, anapita. Nikasema huyu ana dharau." Akapigilia msumari uliobaki. "Mlete. Ila kiti nitakachokiweka pale hakisogezwi, na jikoni kwangu haingii mtu."

Kazi ya kumshawishi Mzee Breki haikuwa nyepesi. Alisema subiri kwanza, akasema magoti, akasema mvua. Mama Shuka akishindwa huku anatokea kule, hakupandisha sauti wala hakulia. Aliyemaliza ubishi ni wifi. Alikuja kupima suruali, akaanza kumsimulia kaka yake habari za miwani ya karatasi, ya paka, na jinsi kinanda kilivyolia.

"Nani aliyefanya hayo?" mzee akauliza.

"Mkeo! Nyumba hata moja hakuiacha. Watu wanamkodolea macho, yeye anagonga kuta. Mpaka leo goti langu halijapona. Na alikuwa hatua moja aanguke kwenye mawe, kaka, hatua moja."

Mzee Breki alianza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Kisha kikakatika. Akapapasa mpira wa ile miwani aliyopewa aishike. "Basi ndivyo ninavyoonekana," akasema polepole. "Natembea hivyo." Baadaye akamwita mkewe. "Fungasha. Ila mkinifunga kamba nitarudi kwa miguu. Mimi si mbuzi."

Binti aliwapeleka kwa gari lake. Alipoiona nyumba ya Mpishi alikunja uso, akaitikisa ile mbao ya ukingoni kwa mikono miwili, akaitikisa tena. Haikucheza hata kidogo. Akambusu baba yake, akashuka mlima akiendesha taratibu kama anayebeba mayai.

Ukungu ukaanguka jioni ile ile, ukagoma kuondoka.

Kulipokucha hapakuwa na mlima. Hata mti wa uani haukuwepo. Mzee Breki aliketi kwenye kiti kile kisichosogezwa, blanketi magotini, uso ameuelekeza kwenye weupe mtupu. Siku iliyofuata ilikuwa vilevile. Chumba alikizoea haraka: mlango wa manjano aliupata kwa rangi, ujia aliupata kwa viwiko, na hakugonga kitu. Hilo hakulisema. Alilolisema ni, "Nimesafirishwa kuja kuona ukungu. Ukungu hata nyumbani ninao, tena ninautembeza popote niendako."

Neno hilo lilimchoma Mama Shuka. Aliingia chumbani, akalivuta shuka la kitanda ambalo lilikuwa limeshanyooka, akalivuta tena. Kisha akatoka.

"Unataka kurudi?"

"Ndiyo."

"Nitampigia mtoto aje akuchukue. Mimi nabaki."

"Ubaki ufanye nini?"

"Nisubiri. Wewe si ndiye bingwa wa kusubiri? Leo zamu yangu. Huo mlima hauna miguu, upo hapo hapo, na mimi sitoki kwenye baraza hili mpaka nimeuona. Ukiondoka nitakuja kukusimulia, kama ulivyokuwa ukinisimulia mimi."

Mzee akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza watu wamjue, breki zilikataa: "Subiri kwanza" haikutoka. Akanyanyuka kwa hasira, akaingia kwenye ujia, akifuata kuta kwa viwiko, akapitiliza mlango wa manjano, akasukuma wa milia bila kujua. Ulikuwa mlango wa jikoni.

Mama Shuka akasubiri kusikia Mpishi akifoka. Hakusikia kitu. Kisha akasikia sauti mbili, moja inauliza, nyingine inajibu. Wakawa wanazitaja kona za barabara moja moja, kwa majina yaliyojulikana na madereva na wachimbaji tu. Mpishi alieleza kona fulani ilivyolipuliwa mwamba, mzee akamjibu lori lilivyokuwa likiyumba pale pale wakati wa mvua. Mara kicheko. Mara kisu kikaanza kugonga ubao wa kukatia, kisha kisu cha pili, cha polepole. Mzee Breki alikuwa amepewa karoti.

Alishinda jikoni siku hiyo, na iliyofuata hakutaja habari za kurudi. Mama Shuka alikaa barazani peke yake, amejifunika blanketi. Hakuhamia hata kwenye kiti kingine.

Ukungu uliondoka bila kuaga, asubuhi, wakati yeye mwenyewe anapuliza chai. Alipoinua uso mlima ulikuwepo. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka mlango wa milia, akaugonga kwa adabu, akasema, "Mzee, njoo."

Mzee Breki alitoka na ngozi ya karoti kwenye mkono wa sweta. Mpishi nyuma yake, aproni na yote. Mzee akaketi, akainua kidevu, akasogeza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Kisha kichwa kikatulia.

Mama Shuka alimtazama yeye, hakuutazama mlima.

"Kuna lori," mzee akasema.

"Wapi?"

"Chini ya ile miamba myeupe. Anapanda. Amechelewa kubadilisha gia, huyo. Atachemsha injini kabla hajafika." Akanyoosha mkono. "Pale. Fuata mkono wangu."

Mama Shuka aliinama, akaweka shavu lake kwenye bega la mumewe, akafunga jicho moja, akafuata ule mkono kama anayelenga bunduki. Hakuona lori. Hakuona lori hata kidogo, na miwani ilikuwa chumbani. "Nimeliona," akasema.

"Muongo," mzee akajibu. "Umetazama kushoto mno." Akamshika kichwa kwa viganja viwili, akamgeuza kidogo kidogo mpaka akasema hapo.

Wakakaa hivyo mpaka Mpishi akakohoa na kuuliza kama watu wa nyumba hii hawali.

Walirudi kwa Mpishi kila walipoweza, na kila mara bomba lilikuwa limekuwa jembamba zaidi. Mara ya mwisho mzee alikiona kilele tu, bila mabega. Aliyasema hayo mwenyewe akikata vitunguu, bila kuomba huruma, na Mpishi akamwambia basi akate vyembamba zaidi kwa sababu sasa hana kisingizio cha kutazama nje. Haukupita mwaka, bomba likaziba.

Majirani walidhani safari zimeisha. Binti naye alidhani hivyo, akaja akiwa ameandaa maneno ya kumfariji mama yake. Akamkuta anafungasha begi, wifi yuko pembeni anamalizia kushona koti zito la kaka yake.

"Mnakwenda wapi tena, mama?"

"Kuna nyumba ya wageni upande wa pili wa mlima, karibu na maporomoko. Nimeambiwa kila chumba kina sauti yake. Nakwenda kulala humo, nifumbe macho, nisikilize kipi kinamfaa."

Alilala vyumba vyote, mwenye nyumba akimshangaa, na akachagua cha mwisho, ambacho maji yalisikika kwa mbali na upepo kwa karibu. Alipompeleka mumewe, mzee alisimama katikati ya chumba, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa makini.

"Kuna chura," akasema.

"Nimemsikia."

"Anakoroma kukushinda wewe. Tutahama."

"Hatuhami," Mama Shuka akasema, akamwonyesha kitanda kilipo kwa kumgusisha mkono wake kwenye tendegu, na kufungua dirisha lote.